Migono ya Ng'ambo

Alawi alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, mahali palepale aliposema mamba alimla kaka yake.

Mwanvita alisimama juu ya ukingo, tenga tupu kichwani, akamtazama. Shemeji yake hakuwa na haraka. Alipapasa chini ya maji kwa mikono miwili, akaupata mgono, ule mtego wa samaki, akauinua polepole mpaka maji yakachuruzika kwenye fito zake. Ndani mlikuwa na kambale wawili wakipigapiga mikia. Akawatoa, akawatupa kwenye mtumbwi uliokuwa karibu, akauzamisha mgono tena. Kisha akajipaka maji usoni na shingoni na kusimama kidogo huku amefumba macho, kama mtu anayeoga nyumbani kwake.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Mwanvita kufika ziwani tangu afiwe. Eda yake, miezi minne na siku kumi, ilikuwa imekwisha Jumanne, na kipupwe nacho kilikuwa kinakwisha. Alikuja kuchukua fungu lake la samaki, maana nusu ya migono ile ilikuwa ya marehemu mumewe, Msabaha.

"Shemeji!" aliita. "Huogopi?"

Alawi alishtuka hata akateleza. Alipogeuka na kumwona, uso wake ulibadilika, na Mwanvita hakuupenda ule uso. Haukuwa uso wa aliyeshtushwa na mamba, ulikuwa wa aliyefumaniwa.

"Kuogopa nini?" Alawi aliuliza.

"Si hapa ulipomwona?"

Alawi alitazama maji yaliyomzunguka kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. Akatoka upesi, akipasua maji kwa magoti. "Mamba akishiba huhama, shemeji," alisema akijikausha kwa kona ya shuka. "Huyo alikwisharudi mtoni zamani."

Ziwa la Mateteni halikuwa kubwa. Mtu wa ng'ambo akikohoa upepo ukiwa shwari, wa huku humsikia. Lilikuwa bara kidogo ya Kaole, mwendo wa asubuhi moja, na watu wake waliishi kwa mihogo na kwa samaki wa maji baridi, perege na kambale, ambao wa pwani wenye samaki wao wa chumvi waliwadharau mchana na kuwala jioni. Miaka hiyo bendera ya Wadachi ilikuwa bado haijapandishwa Bagamoyo. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na jumbe, na yaliyomshinda jumbe yalipelekwa kwa liwali mjini.

Tangu babu wa babu, hakuna aliyewahi kumwona mamba Mateteni. Lakini masika ya mwaka ule yalikuwa makali, mto Ruvu ulifurika ukamwaga maji mpaka mashambani, na Alawi alipokuja mbio asubuhi ile, akilia, mkononi ana shuka ya kaka yake iliyochanika na kulowa damu, watu walisema basi, mafuriko yameleta mamba. Waliutafuta mwili siku tatu kwa mitumbwi na pondo. Hawakupata hata mfupa. Mwanvita aliingia eda.

Sasa alikuwa pale ukingoni, na Alawi alikuwa anagawa samaki. Aliwapanga mafungu juu ya majani. Fungu moja la Mwanvita, fungu moja lake. Kisha akachagua kambale mnono kuliko wote na perege watatu, akawatia kwenye kikapu kidogo, akawafunika.

"Hao wa nani?"

"Wa mtu mmoja Mapinga. Nilimwahidi."

Mwanvita alijitwika tenga lake, akaaga, akapanda njia ya kijijini. Alipofika kwenye kichuguu aligeuka nyuma. Njia ya Mapinga ilikuwa upande wa kulia. Alawi alikuwa ndani ya mtumbwi na kile kikapu, anapiga pondo kuelekea kushoto, ng'ambo ya ziwa, ambako hakukuwa na mtu wala shamba, ila matete na msitu.

Siku ile alimweleza jirani yake Biubwa, mama wa makamo ambaye ndiye aliyekuwa akimchotea maji muda wote wa eda. Biubwa alikuwa anamenya mihogo. Aliweka kisu chini.

"Nilikuwa nakusubiri uyaone mwenyewe," alisema. "Mimi mdomo wangu niliufunga kwa sababu ya msiba. Hebu nijibu, mwanangu. Arobaini ya mumeo, Alawi alikuwa wapi?"

"Alisema ana homa."

"Homa! Nilimwona alasiri ile anakata fito. Ndugu wa kuzaliwa tumbo moja, kisomo cha kaka yake kinasomwa, yeye anakata fito. Na lile la pili? Wazee walimwambia eda ikiisha akuoe, mali ya nduguye isitawanyike. Hana mke, hana mchumba. Kasemaje?"

"Kasema bado."

"Kasema hawezi. Mjomba wake aliniambia. Walimuuliza kwa nini, akainamisha kichwa." Biubwa alishika tena kisu chake. "Nani asiyekutaka wewe? Kikulacho ki nguoni mwako, Mwanvita."

Mwanvita alirudi nyumbani, akafunga mlango ijapokuwa ulikuwa mchana mweupe, akafungua kasha. Ile shuka alikuwa ameihifadhi bila kuifua. Wakati wa msiba hakuwahi kuitazama zaidi ya kuikumbatia. Sasa aliitandaza sakafuni karibu na dirisha, akapiga magoti, akaupitisha mchaniko kwenye vidole vyake, inchi kwa inchi, kama mtu anayetafuta chawa.

Mwanzoni ulikuwa umenyooka. Kipande cha urefu wa kiganja, kimenyooka kama uzi, na baada yake ndipo nguo ilipochanika ovyo. Mwanvita alikuwa ameshona na kupasua nguo za merikani tangu utotoni. Alijua nguo inavyokuwa ikianzishwa kwa kisu kisha ikavutwa kwa mikono. Meno ya mnyama hayakati hivyo.

Alikumbuka kwamba migono yote sasa iko mikononi mwa Alawi, na mtumbwi, na sehemu ile nzuri ya ziwa ambayo baba yao alimwachia mkubwa. Akakumbuka kuwa ndugu wale waligombana siku chache kabla. Yeye alikuwa jikoni, hakusikia maneno, alisikia sauti tu: Alawi akisema "Hapana, hapana, kaka," na Msabaha akisisitiza jambo. Wakati ule alidhani ni mambo ya samaki.

Kwa siku nane alimchunguza. Kila alipokwenda kuchukua fungu lake alihesabu samaki wa kikapu kidogo. Aliona siku moja Alawi ameongeza chumvi iliyofungwa kwenye jani. Siku nyingine kipande cha nguo kuukuu. Alipomuuliza tena juu ya mtu wa Mapinga, Alawi alisema, "Mtu wa Kaole," kisha akajiuma mdomo. Mwanvita hakumsahihisha. Alitabasamu, akashukuru kwa samaki, na nyumbani akawatupa wote kwa paka. Kula kutoka mkono ule kulimshinda.

Siku ya tisa alikwenda kwa jumbe.

Jumbe Mwinshehe alikuwa mtu mfupi, mnyamavu, mwenye jicho moja bovu. Alimsikiliza Mwanvita mpaka mwisho, akaigeuza ile shuka mara mbili, akatuma mtu akamwite Alawi na mwalimu wa msikitini. Kufikia adhuhuri kijiji kizima kilikuwa uani kwake.

"Alawi," jumbe alisema. "Mimi sikuiti muuaji. Shemeji yako ana shaka, na shaka ni mchwa, isipotolewa itakula nyumba. Jambo ni jepesi. Tia udhu, shika msahafu, uape kwamba kaka yako amekufa na kwamba mamba ndiye aliyemuua. Ukiapa, maneno yamekwisha, na yeye atakuomba radhi mbele yetu."

Alawi alitia udhu. Watu walisikia maji yakimwagika, maana hapakuwa na mwingine aliyethubutu hata kukohoa. Akaja, akasimama mbele ya mwalimu, akanyoosha mkono. Mwanvita aliyaona maji yakidondoka kwenye kiwiko chake. Mkono ule ulisogea, ukakaribia msahafu, ukabaki hewani.

Kisha akaurudisha.

"Siwezi," alisema.

Uani palilipuka. Biubwa alipiga ukelele, "Nilisema! Nilisema mimi!" Mjomba wake Alawi alijifunika uso kwa kanzu. Jumbe alinyamazisha watu kwa fimbo na kuuliza mara tatu: mwili uko wapi? Na mara tatu Alawi alitazama chini. Hapo wakamfunga mikono kwa kamba ya usumba, wakamkalisha chini ya upenu. Asubuhi yake angepelekwa Bagamoyo kwa liwali, na kila mmoja pale alijua kwamba aliyepelekwa kwa liwali kwa damu ya nduguye harudi kulima mihogo.

Mwanvita alitegemea kuona moyo wake umetulia. Haukutulia. Alipokuwa akipita kutoka, Alawi alimwita kwa sauti ya chini.

"Shemeji. Migono ya ng'ambo isikae siku mbili bila kutazamwa."

"Migono gani ya ng'ambo? Hakuna mgono ng'ambo."

Alawi alimkazia macho tu, na macho yale hayakuwa na chuki. Yalikuwa yanaomba.

Mwanvita alitembea hatua chache, akasimama. Samaki wa kikapu. Chumvi. Nguo. Muuaji humpelekea nani chumvi? Wazo lililomjia lilikuwa baya kuliko yote aliyowahi kuwaza, akalisukuma mbali, likarudi. Hakwenda nyumbani. Alishuka ziwani, akaufungua mtumbwi wa mumewe, akachukua pondo.

Jua lilikuwa limeanza kuinama kidogo alipofika ng'ambo. Katikati ya matete palikuwa na uwazi mwembamba, matete yamelazwa na mtumbwi uliopita mara nyingi. Akaingia humo. Mwisho wake palikuwa na kijia, na kijia kilipanda kwenye kilima, na kilimani, nyuma ya miti ya mikambaa, palikuwa na kibanda cha nyasi na moshi.

Mtu alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mafiga, amempa mgongo. Alikuwa ameishika sufuria kwa mikono mitupu, bila kitambaa, anaiepua motoni kama vile ilikuwa ya baridi.

Mwanvita aliwahi kuona hivyo. Kabla ya masika Msabaha alishika chungu kinachochemka mbele yake, na yeye akapiga kelele, na Msabaha akaitazama mikono yake kwa mshangao, kisha akacheka akasema ngozi ya mvuvi ni gome. Na lile baka mgongoni, jeupe, ambalo alisema ni choa tu.

"Msabaha," alisema.

Yule mtu aliiangusha sufuria. Uji ulimwagika juu ya miguu yake, hakuisogeza. Aligeuka, na Mwanvita akamwona. Nyusi zilikuwa zimepukutika. Masikio yamenenepa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimejikunja ndani, havikunjuki. Lakini macho yalikuwa yake.

"Usinikaribie," Msabaha alisema. "Mwanvita, nakuomba, simama hapohapo."

Alisimama hapohapo.

"Ukoma," alisema.

"Ukoma."

"Na mamba?"

"Mimi ndiye niliyemtunga. Alawi hakutaka, tuligombana. Nilimwambia asiponisaidia nitajitupa majini kweli. Damu ni ya kuku." Alijaribu kuficha mkono ndani ya nguo. "Uliona walivyomfanya yule mtu wa Kitopeni? Walimfukuza na mke wake, na watoto. Hawakuwauzia hata maji. Nikasema, mimi nikifa, wewe utakuwa mjane wa heshima. Utaolewa. Utaishi na watu."

"Uliniambia ni choa."

"Ndiyo."

"Nimekaa eda, Msabaha. Miezi minne na siku kumi. Nimekulilia mpaka sauti ikakatika. Nimelala na shuka yenye damu ya kuku." Sauti yake ilikuwa inapanda na hakuizuia. "Wewe uko hapa, ng'ambo, unaweza kunisikia nikikohoa, na unakula uji!"

"Nilikusikia," alisema. "Siku za kwanza nilikusikia ukilia. Upepo ukitoka huko."

Mwanvita aliokota donge la udongo akamrushia. Likampata begani. Wote wawili walilitazama lilivyovunjika. Kisha akaketi chini, kwa sababu kulikuwa na jambo alilopaswa kulisema, na jambo lenyewe lilikuwa la aibu kwake.

"Alawi amefungwa kamba," alisema. "Nimemshtaki kwamba alikuua. Ametakiwa aape kwamba umekufa, akashindwa. Kesho anapelekwa kwa liwali."

Alitegemea mumewe asimame palepale. Hakusimama. Msabaha alitazama moto, akatazama kibanda chake, akatazama matete. Ndege fulani alilia mara mbili msituni. Mwanvita alimtazama mtu aliyelala naye miaka tisa, akaiona wazi ile mizani ndani ya kichwa chake, anapima: ndugu upande huu, yeye upande ule. Na mizani haikuegemea upesi.

"Liwali akimsikiliza vizuri," Msabaha alianza, "huenda bila mwili hawawezi..."

Mwanvita aliinuka. Alishuka kijia, akaingia mtumbwini, akashika pondo. Alikuwa ameshausukuma mtumbwi kutoka kwenye tope aliposikia nyayo zikiburuzika nyuma yake, na mtumbwi ukazama kidogo kwa uzito wa mtu.

"Nitakaa huku nyuma," Msabaha alisema. "Usinitazame."

Mwanvita aliuvusha mtumbwi bila kugeuka nyuma.

Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo ndio waliomwona kwanza. Waliacha sufuria zao wakakimbia wakipiga kelele za mzimu, na kelele zile zilifika kijijini kabla yao. Kwa hiyo walipofika uani kwa jumbe watu walikuwa wamekwisha kurudi nyuma hadi kwenye nyua za majirani, wengine juu ya vichuguu, na katikati palibaki jumbe Mwinshehe na fimbo yake, na Alawi chini ya upenu.

"Asalaam aleikum," Msabaha alisema, kwa mbali.

Jumbe alimtazama kwa jicho lake zima. Alimtazama usoni, akatazama mkono. "Wa aleikum salaam," alijibu, lakini hakusogea. Kisha akasema kwa sauti ya uchovu, "Mficha maradhi kilio humuumbua. Nyie mlitaka kilio kitangulie." Akamwambia mjomba amfungue Alawi.

Shauri lilikatwa kabla ya magharibi. Msabaha angeruhusiwa kuishi ng'ambo na kuvua upande ule, ila asichote maji kisimani na asiingie msikitini. Hakuna aliyekwenda kuchoma kibanda. Wapo waliotaka, jumbe akawauliza ni nani atakayekuwa wa kwanza kushika mlango wake, wakaanza kutawanyika.

Alawi alikuwa anasugua vifundo vya mikono, kamba ilikuwa imemchubua. Mwanvita alimfuata, akapiga goti.

"Shemeji, nisamehe. Niliona kisu kwenye nguo. Nilikuona majini. Nilikuwa na haki ya kushuku."

"Ulikuwa nayo," Alawi alisema. "Nami sina ugomvi na shaka yako. Lakini siku nane ulinitazama nikiondoka na kikapu, shemeji. Niliyaona macho yako mgongoni. Siku nane nilitamani unifuate. Mimi niliapishwa nisiseme, sikuapishwa nikuzuie kuja. Ungepanda mtumbwi ukanifuata tu." Alitikisa kichwa. "Badala yake ukaniita muuaji mbele ya watu walionilea."

Hakumpa mkono. Mwezi ule ule alihamia Kaole kwa ndugu wa mama yao, na migono yake akamwachia kaka yake. Kila Idi Mwanvita alimpelekea salamu. Zilipokewa. Hazikurudi.

Watu walimwambia Mwanvita adai talaka. Mwalimu alimwambia sheria iko upande wake, Biubwa alimwambia akili iko upande wake. Hakudai. Hakuhamia ng'ambo pia. Aliuchukua mtumbwi, akajifunza kuipapasa migono chini ya maji bila kuchomwa na miba ya kambale, na kila siku ya pili alivuka na kikapu. Alikiweka kwenye jiwe, akaketi upande wake wa jiko, Msabaha upande wake.

Fito za migono huoza. Ilipofika vuli ilibidi kusuka mipya, na vidole vya Msabaha havikuweza tena. Basi yeye akawa anaeleza kwa mdomo, na Mwanvita anasuka. Kazi ilikuwa ngumu hasa kwenye koo la mgono, pale samaki anapoingia asiweze kutoka, fito zinatakiwa zielekee ndani na zibane bila kuvunjika.

"Vuta hiyo. Sasa pitisha chini ya ile ya tatu."

"Ya tatu kutoka wapi?"

"Kutoka kwako."

Mwanvita alisimamisha mikono. "Una hakika?"

"Nimesuka migono tangu sijatahiriwa."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza una hakika?"

Msabaha alisogeza kichwa karibu kidogo, si karibu sana, akazihesabu fito upya kwa macho, moja moja, midomo ikicheza.

"Ya nne," alisema mwishoni. "Nilikosea. Ni ya nne."

Mwanvita aliichomoa ile fito chini ya ya tatu, akaipitisha chini ya ya nne, akakaza.